Namna ya Kuzisoma Kuta za Korongo la Oldupai

Neno korongo katika Kiswahili halibagui ukubwa. Mfereji uliochimbwa na mvua za masika nyuma ya nyumba huitwa korongo, na bonde lenye kuta za wima linalompa mtazamaji kizunguzungu nalo huitwa korongo. (Yupo pia ndege wa miguu mirefu mwenye jina hilo, lakini huyo tumwache.) Kutobagua huko kunamfaa mtu anayejifunza jiolojia, kwa kuwa kazi iliyofanyika mahali pote pawili ni ile ile: maji yenye mwendo na mzigo wa mchanga yakitafuta pa chini. Hata watafiti wa Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, waliliazima neno letu. Mahali lilipopatikana fuvu maarufu mwaka 1959 huandikwa FLK katika maandiko yote ya fani hiyo, na herufi ya mwisho ni ya neno korongo. Mbili za kwanza ni za Frida Leakey, mke wa kwanza wa Louis Leakey, mtafiti wa binadamu wa kale aliyechimba hapa.

Mwongozo huu ni wa mgeni anayekwenda Oldupai akitaka kuona zaidi ya picha ya kumbukumbu. Wengi wanaosafiri kutoka Ngorongoro kwenda Serengeti hukata kona kwenye sanamu ya mafuvu mawili makubwa iliyo njia panda, husimama ukingoni kwa muda mfupi, husikiliza habari za binadamu wa kale, kisha huondoka wakiamini kwamba wameona korongo lenye umri wa miaka milioni mbili. Korongo la umri huo halipo. Kilicho na umri wa karibu miaka milioni mbili ni mawe, majivu na udongo wa kuta zake, hasa zile za chini. Korongo lenyewe, yaani uwazi ulio kati ya kuta hizo, ni changa mno kuliko kuta zenyewe. Asiyeitambua tofauti hiyo ataziona rangi tu.

Kazi mbili za nyakati mbili

Kabla ya kutazama chochote, ni lazima mgeni azitenge kichwani kazi mbili: kujaza na kukata.

Kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kuufikiria, mahali palipo na korongo leo palikuwa bonde la wazi lililopokea vitu. Katikati yake palikuwa na ziwa la magadi lisilo na njia ya kutokea, ambalo kingo zake zilisogea mbele na kurudi nyuma kulingana na mvua. Upande wa mashariki na kusini zilisimama volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, zikiwamo Olmoti, Lemagarut na, baadaye, Kerimasi. Kila volkano ilipolipuka, majivu yalianguka ziwani na nchi kavu. Baina ya mlipuko na mlipuko, vijito viliteremsha mchanga na udongo, ziwa likatuliza tope laini, na upepo ukahamisha kilichobaki. Kwa jinsi hiyo palirundikana matabaka yenye unene wa karibu mita 100. Wakati huo wote hapakuwa na korongo la kutazama.

Kazi ya pili ilianza baadaye sana, chini ya miaka nusu milioni iliyopita, na chanzo chake kimo katika tabia ya Bonde la Ufa. Ardhi ya eneo hili hupasuka, na vipande vyake huteremka kwa kupishana. Upande wa mashariki, eneo liitwalo Olbalbal lilididimia, na mto uliokuwa ukipita taratibu juu ya tambarare ukajikuta na mteremko mkali mbele yake. Ni kama fundi anayeshusha mdomo wa mfereji: maji yaliyokuwa yakijivuta yanapata kasi, yanaanza kukwangua pale mdomoni, na mkwanguo huo hupanda kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kuelekea yalikotoka maji. Mto wa Oldupai ulikwangua hivyo kutoka mashariki kuelekea magharibi, upande wa maziwa ya Ndutu na Masek, hadi ukaacha korongo lenye urefu wa kilomita zinazokaribia 50, na kina kinachofikia mita 90 hivi. Tawi lake, linaloitwa Korongo la Pembeni, huungana na Korongo Kuu karibu na mahali ilipojengwa makumbusho.

Utaratibu huo wa kuta kuukuu na uwazi mchanga si wa Oldupai peke yake. Katika Grand Canyon ya Marekani, mawe ya chini kabisa yana umri unaozidi miaka bilioni moja na nusu, ilhali Mto Colorado umefanya sehemu kubwa ya ukataji wake katika miaka milioni tano au sita ya mwisho. Nchini Kenya, korongo la Ol Njorowa katika Hell's Gate lilichimbwa na maji ya Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa kuliko leo na kufurika kuelekea kusini. Hapo napo maji yalikata miamba ya volkano iliyokuwapo kabla yake.

Ukingoni, kabla ya kushuka

Chukua darubini, daftari, penseli za rangi, na kioo kidogo cha kukuzia. Nyundo iache nyumbani, kwani kuvunja au kuokota chochote ndani ya hifadhi hakuruhusiwi. Jua la saa sita hufuta vivuli na kuufanya ukuta mzima uonekane kama karatasi moja. Mwanga wa upande, wa asubuhi au wa alasiri, huvitoa vishimo na vigenge. Ikiwezekana, panga safari yako kwa kuuzingatia mwanga kwanza, na saa ya chakula baadaye.

Usianze kutazama kutoka juu wala kutoka chini. Anza na rangi nyekundu. Ukiwa mbele ya jukwaa la makumbusho utaona nguzo kubwa ya udongo iliyosimama peke yake sakafuni mwa korongo, yenye sehemu nyekundu ambayo hata mtoto hawezi kuikosa. Wenyeji wa fani huiita Ngome. Wekundu huo ndio Tabaka la Tatu. Mjiolojia Mjerumani Hans Reck, aliyefanya utafiti hapa mwaka 1913, aliyagawa matabaka na kuyapa namba kuanzia chini kwenda juu, na namba zake nne za kwanza zinatumika hadi leo, ingawa alichokiita Tabaka la Tano kimegawanywa baadaye na kupewa majina mengine. Ukishalipata Tabaka la Tatu kwenye Ngome, lifuate kwa macho hadi ukutani ng'ambo, na utaona kwamba mstari mwekundu unaendelea kwa kimo kile kile. Kati ya Ngome na ukuta zamani palijaa udongo. Uliondolewa na maji. Mtu akiniuliza ni kipi kimoja cha kutazama Oldupai ikiwa ana dakika kumi tu, nitamwambia atazame hicho.

Wekundu wenyewe una sababu. Vijito vilivyoshuka kutoka nyanda za volkano vilisambaza udongo kwenye tambarare iliyokauka, hewa ikaufikia, na chuma kilichomo katika chembe zake kikashika kutu. Udongo uliotulia chini ya ziwa hukosa hewa, na ndiyo sababu unabaki kijivu au kijani cha kufifia. Mgeni akikumbuka hilo atakuwa amepata kipimo cha haraka: nyekundu ni nchi kavu, kijani na kijivu mara nyingi ni maji. Kipimo hiki kina mipaka yake, kwa kuwa ukienda magharibi wekundu hupungua na Tabaka la Tatu halitenganishiki tena na la Nne. Hata hivyo, kwa anayesimama karibu na makumbusho kinatosha.

Sasa shuka kwa macho kutoka kwenye wekundu. Chini yake ni Tabaka la Pili, ambalo sehemu yake ya chini ina udongo wa ziwa, na juu yake kuna majivu yaliyosukumwa na upepo, kisha mchanga wa vijito. Ziwa lilikuwa likipungua. Chini zaidi ni Tabaka la Kwanza, nene na la kijivu, lenye mistari ya majivu, na ndani yake, katika upande huu wa mashariki, kuna mwamba mweusi wa basalti uliomwagika ukiwa uji wa moto. Mwamba huo unaonekana sakafuni, na ni mgumu kiasi kwamba mto unachelewa kuukata. Ukipanda kutoka kwenye wekundu utakuta Tabaka la Nne, la kahawia na kijivu, kazi ya vijito, na juu yake matabaka ya Masek yenye majivu mengi yaliyopeperushwa. Juu kabisa, kwenye tambarare unayosimama, kuna ukoko mgumu wa chokaa chini ya nyasi. Mizizi ya miti hushindwa kuupenya, na hiyo ni mojawapo ya sababu za uwanda wa Serengeti kuwa na nyasi tele na miti haba.

Chora unachokiona. Mchoro mbaya una faida kuliko picha nzuri ya simu, kwa sababu mkono hulazimika kuamua mstari unaanzia wapi na kuishia wapi.

Chini korongoni

Kushuka kunahitaji kibali na kiongozi, na hakuna njia ya mkato. Ukifika chini, kazi yako ni kutenganisha aina tatu za vitu, ambazo kwa mbali zilionekana kama rangi tu.

Ya kwanza ni tufu, yaani majivu ya volkano yaliyoshikamana na kuwa jiwe. Huonekana kama mkanda wa rangi ya kufifia, wenye unene usiobadilika sana kwa umbali mrefu, na kwa kuwa ni ngumu kuliko udongo ulioizunguka, hujitokeza ukutani kama ubao wa rafu. Kwa kioo cha kukuzia utaona fuwele ndogo zinazong'aa. Fuwele hizo ndizo saa ya Oldupai. Potasiamu iliyomo hubadilika polepole sana kuwa gesi ya agoni; fuwele zikiwa za moto gesi hutoroka, zikishapoa hunaswa ndani, na anayeipima gesi hiyo hupata muda uliopita tangu volkano ilipolipuka. Mary Leakey, mke wa pili wa Louis, alipopata tarehe 17 Julai 1959 katika Tabaka la Kwanza lile fuvu la FLK, lililoitwa Zinjanthropus, la jamaa wa kale wa binadamu, si mfupa uliopimwa umri bali majivu, na jibu la miaka milioni 1.75 lililotangazwa mwaka 1961 liliwashtua wengi waliodhani binadamu wa kale ni wa juzi. Zingatia mantiki yake: majivu yaliyo chini ya kitu ni ya zamani kuliko kitu hicho, na yaliyo juu yake ni ya baadaye.

Ya pili ni udongo wa ziwa. Ni laini, una rangi ya kijani kibichi cha kufifia, na ukikauka hupasuka vipande vidogo. Hauwezi kusimama wima kama tufu, kwa hiyo huunda mteremko. Ukuta wa Oldupai umeumbika kwa ngazi kwa sababu hiyo tu: tufu ngumu hufanya kigenge, udongo laini hufanya mteremko, kisha kigenge kingine. Unapoona ngazi, unaona tofauti ya ugumu.

Ya tatu ni mchanga na kokoto za vijito. Tafuta kokoto zilizoviringika, na mistari ya mchanga iliyoinama ndani ya tabaka lililolala. Mchanga huinamia upande yalikokwenda maji, na hivyo unaweza kuonyesha kwa kidole mwelekeo wa kijito kilichokauka zaidi ya miaka milioni moja iliyopita.

Kuna fumbo moja ambalo viongozi wazuri hupenda kuwatega nalo wageni. Ndani ya udongo laini wa ukingo wa ziwa hukutwa mawe mazito, makubwa kuliko chembe zote zinazoyazunguka. Maji yaliyotulia hayawezi kubeba jiwe la namna hiyo. Baadhi ya mawe hayo ni ya aina inayopatikana katika vilima vya Naibor Soit, kaskazini mwa korongo, ambavyo jina lake kwa Kimaasai lina maana ya mawe meupe. Kama maji hayakuyaleta, mtu aliyaleta. Mawe ya namna hiyo, pamoja na zana zilizochongwa kutokana nayo, yanatambuliwa kwanza kwa jiolojia, hata kabla ya kutazama alama za kuchongwa.

Basalti nyeusi nayo usiipite hivi hivi. Ilipopoa, madini yake ya chuma yalijipanga kufuata sumaku ya dunia ya siku zile, na ikagundulika kwamba mwelekeo huo ulikuwa kama wa leo, ingawa katika kipindi kirefu kabla na baada yake sumaku ya dunia ilikuwa imegeuka, kaskazini kuwa kusini. Kipindi hicho kifupi, cha kuanzia miaka milioni 1.95 hivi hadi milioni 1.77 iliyopita, wanajiolojia duniani kote hukiita Olduvai, hata wanapokisoma katika tope la chini ya bahari. Tahajia hiyo, kwa bahati mbaya, ni ya jina lililosikika vibaya: Wamaasai huuita oldupai mkonge pori unaoota kwa wingi kingoni, na Mjerumani Wilhelm Kattwinkel aliyefika mwaka 1911 alilinukuu vingine.

Mahali ambapo kanuni huvunjika

Kanuni ya kwanza ya matabaka ni kwamba la chini ni la kale na la juu ni jipya. Ni kanuni nzuri, na Oldupai humfundisha mgeni mara tatu kuitilia shaka.

Mara ya kwanza ni kwenye nyufa. Katika sehemu kadhaa, ambazo wanajiolojia wamezipa majina ya namba, Ufa wa Kwanza hadi wa Tano, ardhi imekatika na upande mmoja umeshuka. Ukiufuata mkanda wa tufu kwa macho ukakuta umekatika ghafla na kuendelea mbele ukiwa chini zaidi, umeuona ufa. Matabaka mawili yaliyo kwa kimo kimoja pande mbili za ufa hayana umri mmoja.

Mara ya pili ni sakafuni na kwenye miteremko. Matabaka ya Ndutu yaliwekwa wakati korongo likiendelea kuchimbwa, na yale ya Naisiusiu, yenye umri wa makumi machache tu ya maelfu ya miaka, yaliwekwa baada ya korongo kukaribia kina chake cha leo. Kwa hiyo udongo wenye umri mdogo umelala chini, umeegemea ukuta wa kale, na pengine uko mita nyingi chini ya tabaka linalouzidi umri kwa zaidi ya miaka nusu milioni. Kinachokusaidia kutodanganyika ni kutazama kama tabaka limeingia ndani ya ukuta au limeparazwa juu yake kama lipu.

Mara ya tatu ilimponza Reck mwenyewe. Mwaka 1913 alipata mifupa ya mtu katika Tabaka la Pili, akaamini kwamba ni ya zamani kama tabaka hilo, na hata Louis Leakey, walipokwenda huko pamoja mwaka 1931, alikubaliana naye. Ubishi uliisha pale udongo ulioshikamana na mifupa ulipochunguzwa na kukutwa na chembe nyekundu kama za Tabaka la Tatu pamoja na vipande vya chokaa cha juu zaidi, vitu ambavyo havikuwapo wakati Tabaka la Pili lilipowekwa. Mtu huyo alikuwa amezikwa. Waliomzika walichimba kaburi kushuka ndani ya udongo wa kale, na vipimo vya baadaye vilionyesha umri wa miaka 17,000 hivi. Ndiyo sababu kiongozi atakukataza vikali kuokota hata kijiwe: kitu kilichoondolewa mahali pake hakina tena udongo wa kukisemea.

Mchanga unaotembea, na mvua

Ukiwa na saa moja zaidi, omba upelekwe kwenye mchanga unaohama, upande wa kaskazini wa korongo. Ni tuta la majivu meusi ya volkano, lenye umbo la mwezi mwandamo, linalosukumwa na upepo kuelekea magharibi kwa wastani wa mita 17 hivi kwa mwaka, na vigingi vya miaka vilivyopigwa nyuma yake vinaonyesha lilikopita. Peleka sumaku ndogo: punje nyingi zitaigandia, kwa sababu ya chuma kilichomo. Nenda nyuma ya tuta, upande unaotazama upepo, kisha mbele yake ambako punje huporomoka, na utaelewa jinsi majivu ya Tabaka la Pili yalivyoweza kulala kwa mistari iliyoinama bila kuguswa na maji.

Kuhusu mvua, sharti ni moja. Oldupai iko upande wa kivuli cha mvua wa nyanda za Ngorongoro, hivyo sakafu yake huwa kavu karibu mwaka mzima, na ukavu huo huwadanganya watu. Mvua ikinyesha mbali, mtoni, maji hufika kwa ghafla pale ambapo mbingu ni nyeupe. Katika Ol Njorowa mafuriko ya namna hiyo yaliua wageni mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Msimu wa masika au vuli, ukiona mawingu mazito upande yanakotoka maji, panda juu bila kubishana na kiongozi.

Ukiwa salama ukingoni baada ya mvua ya namna hiyo, subiri uone maji yenyewe. Yana rangi ya kahawia kwa sababu yamebeba kuta, na hayaendi baharini, kwa kuwa mto huu haufiki bahari yoyote. Mwombe kiongozi akuonyeshe upande ilipo Olbalbal. Huko maji hutandaa, hutulia, hukauka, na kuacha tope lililokuwa Tabaka la Kwanza, la Pili, la Tatu na la Nne, sasa likiwa limechanganyika na kulala upya katika tabaka ambalo hakuna aliyelipa namba.